Nilivyopeleka Posa ya Mwanajeshi Kolwezi

Kwa kawaida posa hupelekwa na wanaume, tena watu wazima, tena waliovaa koti. Yetu niliipeleka mimi, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi hapa Tunduma, nikiwa nimekaa ndani ya lori la salfa. Nasimulia mwenyewe, maana majirani wamekwisha kuisimulia safari hii kwa namna zao, na mojawapo ina simba ndani yake. Sikukutana na simba yeyote.

Ambokile ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu hajaota meno, na sasa ni mwanajeshi. Mchumba alimpata humu humu mpakani. Ngalula ni binti wa Kolwezi, nchini Kongo, anayefuata nguo Dar es Salaam na kwenda kuziuza kwao. Siku moja basi lao liliharibika Tunduma, nyumba za wageni zikajaa, akaja kulala kwangu. Ambokile alikuwa likizo. Yaliyofuata sikuyaona, nilikuwa nasahihisha mitihani.

Kisha kikosi chao kikaambiwa kijiandae. Mashariki ya Kongo kulikuwa na vita: wapiganaji walikuwa wameteka miji, na serikali ya huko ilikuwa imeomba majeshi ya nchi nyingine yaje kuisaidia. Ambokile akanijia jikoni, kofia mkononi. "Shangazi, niposee kabla sijaondoka."

Nilikubali mara moja. Ni baada ya kukubali ndipo nilipotambua uzito wa mzigo wenyewe. Nilikuwa naenda kuomba binti kwa watu ambao kijana wetu alikuwa anaingia nchini mwao na bunduki.

Siku ya kuondoka, mshenga wetu, mzee wa kanisa mwenye koti, aliamka mguu umemvimba kama gogo. Aliyebaki ni Sanga, dereva aliyekubali kunibeba. Sanga hakuwa mzee wala hakuwa na koti, lakini alikuwa na lori linalokwenda Kolwezi, na alikuwa tayari kusema chochote mahali popote. Nikamteua kuwa mshenga pale pale, wakati anapima upepo wa matairi.

Njia yote ya Zambia, kuanzia Nakonde hadi Kapiri Mposhi, Sanga alifanya mazoezi. "Tumekuja kuomba jiko," alisema akipangua gia. "Jiko lenyewe tumelichunguza, halina pancha."

"Hakuna pancha katika posa," nikamwambia.

"Mwalimu, wewe sahihisha Kiswahili. Mambo ya safari niachie mimi."

Tatizo letu jingine lilikuwa nyuma yetu. Salfa ni unga wa njano, hupelekwa kwenye migodi ya shaba kutengenezea tindikali. Hata ukiifunika kwa maturubai mawili, harufu yake inakufuata kama mtoto anayetaka kwenda nawe sokoni. Tulipofika Ndola, mimi na kitenge changu cha posa na mchele wa Kyela niliobeba kama zawadi tulikuwa tunanuka kiberiti.

Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, malori yalikuwa yamepanga foleni ambayo sikuona mwanzo wake. Tulingoja, tukapika, tukafua, tukangoja tena. Hatimaye nikasimama mbele ya ofisa wa uhamiaji, nikamwambia kwa Kiswahili changu bora: "Hujambo, bwana. Nimekuja kuwatembelea wakwe watarajiwa."

Alinitazama, akamwita mwenzake. "Kuya usikie! Mama anasema Swahili ya Biblia!"

Walinipigia muhuri huku wanacheka. Miaka yote ile ya kufundisha ngeli, sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali nitasikika kama Waraka kwa Waebrania.

Baada ya Lubumbashi na Likasi, tulifika Fungurume, mji uliostawi kando ya mgodi mkubwa, wenye vumbi jekundu na vibanda vya chakula kwa ajili ya madereva. Tuliketi kwa mama mmoja mnene, mchangamfu. Nikamuuliza kuna chakula gani.

"Leo kuko paka bukari na sombe, mama."

Nikamtazama Sanga. Bukari nilijua ni ugali na sombe ni kisamvu. Nilikuwa nimeuliza njiani. "Na huyo paka," nikauliza kwa upole, "hamuwezi kumtoa?"

Mama yule hakuelewa. "Paka bukari na sombe. Hakuna kingine."

Sanga alikuwa ameinamia meza, mabega yakimtikisika. Alipoweza kusema akanieleza kwamba huku "paka" maana yake ni "tu". Bukari na sombe tu. Nilikula vizuri sana, ingawa nilichunguza kila kipande.

Alipojua tumetoka nchi ya jirani, mama wa chakula akaketi nasi. "Banasema basoda ya bageni banakuya kusaidia ku vita," alisema. Basoda ni askari. "Mi najiuliza. Bataleta amani, ao bataleta bei?"

Nililirudisha tonge langu sahanini. Sanga naye akatoa pesa, akauliza chakula ni bei gani.

Kolwezi tuliingia jua likiwa limeegemea magharibi. Ni mji uliozungukwa na vilima ambavyo Mungu hakuviumba: ni udongo uliotolewa kwenye migodi na kurundikwa, mweupe na mwekundu. Ngalula alitupokea barabarani, pembeni ya mtaa wa Kasulo, ambako ndiko kwao. Sanga aliegesha lori pale pale njia kuu, maana ndani ya mtaa halipiti. Nyumba zimebanana, na kati ya nyumba na nyumba, hata ndani ya nyua, kuna mashimo ambayo watu walichimba wakitafuta kobalti, madini ya betri, chini ya vitanda vyao wenyewe.

Sebuleni kwa baba yake, Tata Kalala, tulielekezwa pa kukaa kwa uangalifu mkubwa. "Si pale, mama. Pale jirani alichimba akapita chini yetu. Tulijaza mawe na simenti, lakini hatuweke pale mutu ya heshima."

"Nani hukaa pale?" Sanga akauliza.

"Tonton Ilunga," akajibu Ngalula.

Tonton Ilunga, aliyekuwa amekaa pale, akapunga mkono. Ndiye mjomba wa Ngalula, kaka wa marehemu mama yake, na alikuwa amekuja kutoka Lubudi, ambako hufanya kazi relini, kwa ajili yetu. Alikuwa na kicheko kikubwa na kiti chake kililia kila alipocheka. Mbele yake, karibu na dirisha, alikaa Kaku Mbuyi, mama mzazi wa Tata Kalala. Kaku ndilo jina la heshima wanalomwita nyanya. Alinusa hewa mara mbili.

"Bageni," akasema, "munatoka ku safari ao munatoka ku jehanamu?"

Basi aibu ya ugeni haikupata hata nafasi ya kuingia. Tulicheka, tukanawa, tukala. Kisha Sanga akasimama, akakohoa, akatoa hotuba yake. Jiko lilikuwemo. Pancha, namshukuru Mungu, haikuwemo. Tata Kalala, ambaye ni karani katika kampuni ya mgodi na mtu wa maneno machache, alisikiliza mpaka mwisho.

"Muzuri," akasema. "Na huyu kijana anafanya kazi gani?"

"Ni mwanajeshi," nikasema kwa fahari.

Watu wakatazamana. Nikamtazama Ngalula. Ngalula alikuwa anatazama mikono yake. Kumbe nyumbani alikuwa amesema mchumba wake "anafanya kazi ya serikali", na watu walikuwa wamedhani ni wa posta.

"Soda," akasema Tata Kalala polepole. "Soda ya kule kwenu. Bale ya kuya huku."

"Ndiyo."

Tonton Ilunga aliruka kitini. "Lakini ni jambo muzuri! Muache aje! Aje leo!" Akanigeukia. "Mama Mwalimu, dada yangu Mado iko kule mashariki, mu muji ile walikamata. Masomo imefungwa, banalala na manguo yao, tayari ya kukimbia. Kama bageni banaweza kusaidia, baje hata na majembe!"

"Na bale benye balikamata muji?" akauliza Tata Kalala. "Unafikiri bataangalia tu? Nao bataita barafiki yabo. Kila mutu ataita rafiki yake. Mwisho vita itakuwa ya barafiki, na sisi tutakuwa uwanja."

"Sasa Mado afanye nini? Angoje?"

Ilikuwa kweli kwamba Mado hakuweza kungoja. Na yale ya Tata Kalala nayo yalikuwa kweli.

Ni Kaku aliyeingilia kati. Alitusimulia kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika.

"Mi nilikuwa na mimba ya huyu," akamwonyesha Tata Kalala. "Bantu ya bunduki balikuya kutoka ng'ambo, bakakamata muji. Sisi tuko chini ya kitanda. Siku moya tunasikia ndege. Jirani yangu anachungulia ku dirisha, anasema: Mama, kule yulu banaanika manguo!"

"Nguo gani?" nikauliza.

"Basoda ya bazungu! Banashuka na bitambaa yabo, sawa mayamvuli. Kumbe banakuya kutuokoa." Akanyoosha kidole. "Na balituokoa. Sitaweka uongo mu kinywa. Mi nilitoka inje nikacheza, na tumbo yangu iko hivi. Soda moya akanipa kikopo, ndani kuko kitu ya njano, ya kuteleza. Mi naona ni sabuni. Nikafua nayo manguo ya kungojea mutoto. Kumbe ilikuwa fromaji! Jibini! Nzi ya Kolwezi yote zikatupenda."

Tonton alicheka mpaka sakafu ikatoa sauti, na Tata Kalala akamwashiria atulie. Kaku alingoja.

"Kisha balienda. Banapanda ndege, banapunga mikono, kwaheri. Na basoda ya kwetu banarudia, banapita mulango kwa mulango. Banauliza: nani aliwapa bale bantu maji? Muleke, mudogo ya bwana yangu, aliwapa maji. Mutu anakuya na bunduki anaomba maji, wewe utamunyima? Banamubeba. Mi niko namungoja paka leo."

Neno lile lile "paka", ila hapa maana yake ilikuwa "mpaka". Safari hii halikunichekesha.

"Lakini Kaku," akasema Tonton kwa sauti ya chini, "uko unaishi."

"Ndiyo, niko naishi. Njo maana naweza kusema. Mwenye kukuokoa anarudia kwabo, mutoto wangu. Wewe unabakia na ule aliona ulifungulia nani mulango."

Tulikubaliana jibu la posa lingojee kesho yake.

Asubuhi niliamshwa na nyimbo. Nilidhani ni kanisani. Nilipotoka uani nikamkuta Ngalula amesimama langoni, mkono mdomoni.

Mambo yalikuwa hivi. Tonton Ilunga alikuwa ametoka mapema kununua mkate. Njiani alipita kibandani kwa rafiki zake, na kwa furaha yake akawaambia kwamba familia yao sasa ina mkwe katika jeshi la nchi jirani, na kwamba watu wake wamekwisha kufika. Alimaanisha mimi na Sanga. Lakini pale barabarani kulikuwa na lori lenye namba za kigeni, limefunikwa gubigubi, na chini yake kulikuwa kumemwagika unga wa njano unaonuka kiberiti. Mtu mmoja akaunusa akasema, baruti. Hapo habari ikaota miguu, na kabla Tonton hajarudi na mkate, majeshi ya kigeni yalikuwa yameingia Kasulo.

Sijapata kuona kitu kama kile. Upande mmoja wa njia walikuwepo akina mama wa kwaya na matawi ya miti, wanaimba kuwakaribisha wakombozi. Upande wa pili jirani alikuwa anafunga godoro kwenye baiskeli, anakimbia. Vijana wachimbaji walisimama kikundi wakiulizana kama askari watawalinda mashimoni au watawafukuza. Bwana mmoja mwenye tai alinishika mkono akaniambia anajua lugha nne na anaomba kazi ya ukalimani. Na mama muuza unga, aliyekuwa na gunia zima mbele yake, aliliingiza ndani, akakaa kidogo, akalitoa tena likiwa na bei mpya.

Tata Kalala alitoka na fulana ya ndani, akapaza sauti kwamba hakuna askari, ni wageni wa posa, ni mwalimu na dereva. Wengine walicheka. Lakini kulikuwa na mwanaume mmoja aliyesimama kimya akiitazama nyumba ile, kisha akasema, si kwa sauti kubwa, ila kila mtu alisikia:

"Mugeni anaita bageni benzake."

Nilimwona Tata Kalala akisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Ngalula alinieleza baadaye. Wao asili yao ni Kasai, jimbo jingine la Kongo. Babu yake aliletwa hapa kufanya kazi mgodini, Tata Kalala amezaliwa hapa, na kwa kawaida hakuna anayekumbuka. Ila nchi ikichafuka, kuna mtu hukumbuka.

Sanga alikuwa juu ya lori, anahutubia, na hotuba yake ilikuwa inaharibu zaidi. "Hii si baruti!" alipiga kelele. "Ingawa inaungua vizuri sana!" Watu wakarudi nyuma hatua tatu kwa pamoja.

Ndipo Kaku akapita. Alikuja na fimbo yake, kanga yake ya kichwani imekaa upande, na umati ukampisha. Alilizunguka lori lote. Akamwamuru Sanga afungue turubai. Akaingiza mkono, akatoa konzi ya unga wa njano, akauinua watu wauone.

"Kama hawa njo basoda," akasema, "basi bamekwisha kuungua!"

Kicheko kilianza kwa akina mama wa kwaya kikaenda hadi kwa wachimbaji. Matawi yakatupwa. Mwenye tai akaachia mkono wangu. Jirani wa godoro alirudi jioni, anasukuma baiskeli, anasema alikuwa amelipeleka kuanikwa. Yule mwanaume wa kimya aliondoka bila kucheka. Na bei ya unga, nawaambia ukweli, haikushuka.

Adhuhuri tulikaa tena sebuleni. Tonton Ilunga alikuwa amekaa juu ya simenti yake kama mtu anayetamani ipasuke immeze. Tata Kalala alikuwa amevaa shati, ameninyooshea mikono yake miwili, kwa adabu.

"Mama Mwalimu, umeona na macho yako. Soda moya, na hayuko hata hapa. Sasa wakifika kweli? Sina matata na wewe. Lakini rudia na heshima yako. Siwezi."

Nilianza kukusanya vitu vyangu. Nilikuwa na aibu, nilikuwa na hasira, na chini ya vyote hivyo nilikuwa na hofu ambayo sikuwa nayo Tunduma. Redioni vita vilikuwa kama mechi: kikosi kinaenda, kikosi kinarudi. Sasa nilikuwa nimeona mtaa mzima unavyogawanyika kwa harufu ya kiberiti, na mtoto wangu alikuwa anakwenda mahali ambapo baruti ingekuwa baruti.

"Tata," akasema Ngalula. Hakuinua sauti. "Mi nilimupenda mbele ya vita kumuita. Kama munamukatala, mumukatale yeye. Musikatale vita juu ya kichwa yake. Ongeeni naye."

Akapiga simu, akaiweka mezani, sauti ikafunguliwa. Ambokile aliitikia. Kabla sijamweleza lolote, Kaku aliivuta simu kwake.

"Weye njo soda?"

"Ndiyo, Bibi. Shikamoo."

"Nishike nini?"

Sanga akafumba macho. Nikamnong'oneza Kaku kwamba ni salamu ya heshima kwetu. Akaikubali kwa kichwa.

"Unaenda kule juu ya nini?"

"Nimetumwa, Bibi."

"Na utarudia siku gani?"

Nilimwombea mtoto aseme jambo zuri. Aseme baada ya mavuno, aseme Krismasi.

"Sijui, Bibi," akasema Ambokile. "Hata walionituma, sidhani kama wanajua."

Nikajua tumekwisha. Lakini Kaku alimgeukia mwanawe. "Huyu hana uongo. Bale ya zamani balisema kesho kutwa." Akairudia simu. "Sasa sikia. Unafika ku nyumba ya mama. Mulango imefungwa. Utafanya nini?"

"Nitabisha hodi."

"Na kama hafungui?"

"Nitabisha tena. Kisha nitangoja nje."

Kaku alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Soda ya hodi!" akasema. "Mi sijaona!"

Tata Kalala hakucheka, lakini alikuwa amesogeza kiti. Alinieleza, huku simu inasikia, kwamba kwa desturi yao mkwe na mama mkwe wana heshima kali. Mwanaume hamkazii macho mama mkwe wake. Akikutana naye njiani anampisha. Hali chakula mbele yake. Haingii nyumbani kwake bila kuitwa.

"Mama ya Ngalula amekufa," akasema Kaku kwenye simu. "Mama yake sasa ni Mado, ule iko kule kwenye vita. Kwa hiyo Mado ni mama mukwe yako. Na Mado hauna sura yake, hauwezi kumujua. Basi mama yote unapata kule mu njia, ni Mado. Utamupisha. Unasikia?"

"Nasikia, Bibi."

"Sema na kinywa."

"Nitawapisha njia wote."

Tata Kalala alitazama dirishani, upande wa barabara. Nilijua anamfikiria yule mwanaume wa asubuhi, maana mimi pia nilikuwa namfikiria. Kusema ndiyo kulikuwa na gharama, na gharama hiyo ingemkuta yeye hapa, si sisi wa Tunduma.

"Basi," akasema mwishoni. "Mutoto ni yenu. Lakini harusi ifanyike kule kwenu. Hapa, hakuna pikipiki, hakuna honi, hakuna ngoma." Akamtazama shemeji yake. "Na hakuna Tonton kununua mukate."

Mado alipopata habari alituma ujumbe wa sauti. Nyuma yake watoto walikuwa wanagombana. Alisema amefurahi sana, na mkwe akija aje polepole, kuna matope.

Tulirudi kwa njia ile ile, lori sasa limebeba vibao vya shaba, ambavyo havinuki kitu. Ngalula alikaa katikati yetu na Sanga alimweleza habari za matairi hadi Kapiri Mposhi. Yule ofisa wa Kasumbalesa alinikumbuka, akaniita Mama Biblia. Harusi ilikuwa ndogo, hapa Tunduma, na mzee wa kanisa alifika na koti lake, akichechemea. Baada ya muda si mrefu Ambokile aliondoka na wenzake.

Majirani hapa hunisimamisha na kuniuliza: mwalimu, umefika Kongo, unaonaje, watashinda? Nilikuwa na jibu kabla ya safari. Sasa sina. Ninachokijua ni kwamba jeshi la mgeni linafika kabla ya kufika. Linafika kwenye gunia la unga, kwenye godoro la jirani, kwenye mdomo wa mtu anayekumbuka ghafla babu yako alitoka wapi. Na ninajua pia kwamba kuna mwanamke analala na nguo zake na hawezi kungoja tumalize kubishana. Wanaotaka nichague moja kati ya hayo mawili nawaambia waende Kasulo, wakae sebuleni kwa Tata Kalala, wamuulize Kaku.

Jana Ambokile alipiga simu. Mimi na Ngalula tulikuwa tunachambua mchele, tukasogeza vichwa pamoja kusikiliza. Alisema yu mzima. Alisema watu walipowapokea walipiga makofi, na siku hizi makofi yamepungua, wanawatazama tu. Alisema kuna bibi mmoja anayechota maji karibu na kambi yao, na yeye humpisha njia kila siku, na kila siku bibi huyo hupita bila kusema neno. Asubuhi ya jana alisimama.

"Akaniuliza, mtaondoka lini," alisema Ambokile. "Nikamwambia, Bibi, kazi ikiisha. Akatazama kambi yetu, akatazama vijana waliokuwa wanachimba choo. Akaniambia, basi chimbeni kirefu."

Ngalula alicheka, kisha akaacha. Nikamuuliza Ambokile walimjibu nini.

"Hatukumjibu, Shangazi. Bado tunachimba."